"To" si kitambulisho: Uhakiki wa kanuni moja ya kutambua visoukomo vya Kiingereza

1. Utangulizi

Wanafunzi wanaoingia mwaka wa kwanza wa masomo ya lugha hutuletea kutoka shule ya sekondari kanuni moja fupi, iliyo rahisi kukariri: kisoukomo cha Kiingereza ni kitenzi kinachotanguliwa na neno "to". Kanuni hiyo imeandikwa katika madaftari yao kwa wino mwekundu, na wengi wao hawajapata kusikia kwamba ina walakini. Makala haya yanakusudia kuihakiki. Tutaonyesha kwamba inakosea pande zote mbili: inaviacha nje visoukomo vingi visivyo na "to", na inayaingiza ndani maneno ambayo si visoukomo hata kidogo. Tutaeleza vilevile asili ya kosa lenyewe, na kwa nini jambo hili, ambalo kwa juujuu ni la walimu wa Kiingereza, linatuhusu sisi tunaofundisha na kujifunza Kiswahili.

Mwandishi wa mistari hii haandiki kama hakimu asiye na hatia. Miaka michache iliyopita nilipewa kazi ya kusahihisha zoezi ambamo wanafunzi walitakiwa kupigia mstari visoukomo vyote. Sentensi mojawapo ilikuwa hii: "The old woman let the children sit and made them listen to the drummer." Mwongozo wa usahihishaji, uliofuata kitabu cha shule, ulisema kwamba humo hamna kisoukomo. Mwanafunzi mmoja alipigia mstari "sit" na "listen", nikampa sifuri. Wengine, waliokuwa wakitafuta "to" kwa udi na uvumba, walipigia mstari "to the drummer"; nao wakapata sifuri. Walioacha sentensi ile bila alama yoyote walipata maksi zote.

Baada ya somo yule wa kwanza alinijia, akaniuliza kwa heshima: "Mwalimu, kwa Kifaransa tungeandika 's'asseoir' na 'écouter'. Ikiwa maneno haya mawili ya Kiingereza si visoukomo, basi ni nini? Si wakati uliopita, kwani tungeona 'sat' na 'listened'. Si amri, kwani hakuna anayeamrishwa." Sikuwa na jibu. Nilimrudishia maksi zake, na mwongozo ukasahihishwa. Lakini waliopata sifuri miaka iliyotangulia, ambao hawakuthubutu kubisha mlango, hawakurudishiwa kitu. Makala haya ni sehemu ya deni hilo.

2. Namna kanuni inavyokosea

2.1. Visoukomo visivyo na "to"

Tuanze na vitenzi visaidizi vya uwezo, ruhusa na lazima, yaani "can", "may", "must", "shall", "will" na wenzao. Kitenzi kinachovifuata ni kisoukomo kitupu: "She must leave", "They can swim". Hali ni hiyohiyo baada ya "do" ya kuuliza na ya kukanusha: katika "He did not answer", wakati unabebwa na "did", na "answer" imebaki bila wakati wala nafsi. Msomaji na afungue ukurasa wowote wa Kiingereza ahesabu mafungu ya namna hii; ataona kwamba kanuni ya "to" inaacha nje idadi isiyoweza kuitwa "vighairi vichache".

Vitenzi hivyo visaidizi vyenyewe vina jambo la kuzingatiwa: havina kisoukomo. Hakuna "to can" wala "to must". Mwanafunzi wetu, aliyezoea kwamba kitenzi cha Kifaransa huwa na kisoukomo chake, kama "pouvoir" au "devoir", hutunga "to can" bila wasiwasi, kwa sababu kanuni aliyofundishwa inamwambia kwamba akiweka "to" mbele ya kitenzi amepata kisoukomo.

Kundi la pili ni la vitenzi vya kuacha, kufanyiza na kuhisi: "let", "make", "see", "hear", "feel". Twasema "I saw him fall" na "They made us wait". Hapa Kiingereza kina tabia inayowashangaza wageni: sentensi yenye "make" ikigeuzwa kuwa katika kauli ya kutendwa, "to" inajitokeza: "We were made to wait". Kitenzi "wait" ni kilekile na maana yake ni ileile. Je, tuseme kwamba katika sentensi ya kwanza hakikuwa kisoukomo, na katika ya pili kimekuwa? Kitenzi "help" kinamaliza ubishi wote, maana kinakubali njia zote mbili: "She helped him carry the bag" na "She helped him to carry the bag". Ikiwa kuwapo na kutokuwapo kwa "to" hakubadili kitu, basi "to" haiwezi kuwa ndiyo inayofanya kisoukomo kiwe kisoukomo.

Kundi la tatu ni la visoukomo vilivyounganishwa. Katika "They want to sit and listen", "to" imetajwa mara moja, lakini visoukomo ni viwili. Kiswahili hurudia kiambishi: "Wanataka kuketi na kusikiliza". Kwa hiyo msemaji wa Kiswahili hukiona kisoukomo cha pili mara moja anapotafsiri, ila hukikosa anapopigia mstari.

2.2. "To" isiyotangulia kisoukomo

Upande wa pili wa kosa una madhara zaidi, kwa sababu humfanya mwanafunzi atunge sentensi mbovu. Neno "to" ni kihusishi pia, na kihusishi hufuatwa na jina au na umbo la "-ing". Ndiyo sababu Waingereza husema "We look forward to seeing you" na "He is used to walking". Mwanafunzi aliyekariri kwamba "to" hudai kisoukomo huandika "We look forward to see you" katika barua ya kuomba kazi au nafasi ya masomo, na anayeisoma barua hiyo humhesabia ujinga ambao kwa kweli ni wa kanuni. Mbaya zaidi, "He used to walk" na "He is used to walking" zote ni sahihi lakini hazilingani: ya kwanza yasema kwamba zamani alikuwa akitembea, ya pili kwamba amezoea kutembea. Katika moja "to" ni alama ya kisoukomo, katika nyingine ni kihusishi.

Tutazame pia sentensi "He went to work". Inaweza kuwa na maana ya "Alikwenda kazini", na hapo "work" ni jina. Inaweza kuwa na maana ya "Alikwenda kufanya kazi", na hapo "work" ni kitenzi. Maandishi ni yaleyale, herufi kwa herufi. Kanuni yetu haina njia ya kuzitenganisha maana hizo mbili, na wala haijui kwamba ni mbili.

2.3. "To" iliyobaki peke yake

Mtu akiulizwa kama atasafiri, anaweza kujibu: "I would like to." Kitenzi kimedondoshwa, "to" imebaki. Hivyo ndivyo wafanyavyo vitenzi visaidizi: "Will you travel?" hujibiwa "I will", na kitenzi kikuu huachwa kimya. Kiambishi hakiwezi kufanya hivyo. Katika Kiswahili hakuna awezaye kujibu "Ningependa ku-" akanyamaza. Ni kwa sababu kama hizi Geoffrey Pullum alitetea mwaka 1982 hoja kwamba "to" hii yapasa kuhesabiwa miongoni mwa vitenzi visaidizi. Tukubali hoja yake au tusikubali, jambo moja limethibitika: "to" ni neno linalojitegemea, si sehemu ya mwili wa kitenzi.

3. Asili ya kosa

Kiingereza cha Kale kilikuwa na kisoukomo cha neno moja, chenye kiambishi tamati "-an": "drincan", yaani kunywa. Kando yake kulikuwa na umbo jingine lililofuata kihusishi "tō", kama "tō drincenne", ambalo aghalabu lilionyesha kusudi au mwelekeo. Katika karne zilizofuata viambishi tamati vilidhoofika, "-an" ikawa "-en", kisha "-e", na hatimaye vikatoweka karibu na mwaka 1500. Mavazi yalipovuliwa, umbo la kisoukomo likafanana na shina tupu, na "to" ikapoteza sehemu kubwa ya maana yake ya mwelekeo, ikawa alama ya kisarufi. Lakini haikuenea kila mahali. Baada ya "must" na "let" kisoukomo kiliendelea kusimama peke yake kama kilivyokuwa tangu zamani. Hivyo visoukomo visivyo na "to" havikupungukiwa na kitu. Mahali hapo "to" haikupata kuwa sharti.

Waandishi wa sarufi walikuja na macho yaliyofunzwa na Kilatini. Robert Lowth mwaka 1762, na Lindley Murray mwaka 1795, walipanga jedwali la kitenzi cha Kiingereza kwa kufuata dhamira za Kilatini, na mahali ambapo Kilatini kina "amare" wakaandika "to love". Jedwali lilihitaji kujaza nafasi, likajazwa. Tangu hapo maneno mawili yakaanza kutazamwa kama moja. Mwaka 1864 Henry Alford alifikia kudai kwamba "to" haitenganishwi na kitenzi chake, na akawalaumu walioweka kielezi katikati. Marufuku hiyo ya "kupasua kisoukomo" iliwatesa wanafunzi wa Kiingereza kwa zaidi ya karne moja, ingawa waandishi wa lugha hiyo walikuwa wakiweka kielezi mahali hapo tangu zama za kati. H. W. Fowler, katika kamusi yake ya matumizi ya mwaka 1926, aliwafanyia mzaha wale wanaoiogopa dhambi hiyo pasipo kujua ni nini. Naye Otto Jespersen, mwanaisimu wa Denmark, alikwisha kueleza kwamba jina lenyewe la dhambi si sahihi: "to" si kiungo cha lazima cha kisoukomo, kama vile "the" isivyo kiungo cha lazima cha jina.

Wahenga walituonya: usisafirie nyota ya mwenzio. Kiingereza kilisafiria nyota ya Kilatini, nasi tumepanda chombo hichohicho bila kuuliza kinakwenda wapi.

Sarufi kubwa ya Rodney Huddleston na Geoffrey Pullum, iliyotoka Cambridge mwaka 2002, ilikwenda mbali zaidi. Wao wanasema kwamba Kiingereza hakina umbo la kitenzi linaloitwa kisoukomo. Kina umbo tupu, ambalo hutumika katika amri ("Go!"), katika kishazi cha matakwa ("They insist that he go") na katika kishazi kisoukomo, chenye "to" au kisicho nayo. Kisoukomo basi ni sifa ya kishazi, si ya neno. Kwa maoni yetu, hoja hii ni ya kweli kuhusu umbo, na ina faida ya kutukataza kulitazama neno likiwa peke yake. Hata hivyo haimwondolei mwalimu kazi yake. Mwanafunzi wa Kongo huifikia lugha ya Kiingereza akiwa amekwisha kufundishwa kwa Kifaransa, lugha ambayo kisoukomo chake hujulikana kwa umbo: "-er", "-ir", "-oir", "-re". Kumwambia tu kwamba umbo hilo halimo katika Kiingereza ni kumpokonya fimbo. Yafaa kumpa nyingine.

4. Kiswahili kama mizani

Tuchukue sasa lugha yetu, tuitendee kama kanuni ile inavyokitendea Kiingereza. Tuseme: kisoukomo cha Kiswahili ni kila neno lianzalo na "ku-". Mtoto wa shule atacheka, maana atalazimika kuhesabu kuku na kuni. Atahesabu pia "kule" na "kuna", ambamo "ku-" ni ya mahali. Naye atakayesema kwamba palipo na "ku-" ndani ya kitenzi pana kisoukomo atashindwa na "ninakupenda", ambamo "-ku-" ni wewe unayependwa, na "ninakula", ambamo "-ku-" imebaki kwa sababu mzizi ni mfupi. Hakuna mwalimu wa Kiswahili ambaye angefundisha hivyo. Mbona tunakubali kufundisha hivyo kwa habari ya "to"?

Mlinganisho wa "ku-" na "to" una hatari tatu zaidi.

Ya kwanza ni kwamba "ku-" ni kiambishi cha ngeli, ile ya 15 katika hesabu ya wanaisimu wa lugha za Kibantu. Kitenzi chenye "ku-" ni jina kamili, chenye upatanisho wake: "kusoma kwangu", "kuimba kuzuri". Ndiyo maana jina "kitenzi-jina" linakifaa mno. Lakini kisoukomo cha Kiingereza hakimilikiwi. Hakuna "my to read". Kazi hiyo ni ya umbo la "-ing". Kwa hiyo "ku-" yetu moja hugawanywa na Kiingereza katika mafungu mawili, na mgawanyo huo hubadili maana. "Aliacha kupumzika" ni "He stopped resting". "Alisimama kupumzika" ni "He stopped to rest". Sisi tunatofautisha kwa kuchagua kitenzi cha kwanza, wao kwa umbo la kitenzi cha pili. Mgonjwa anayetaka kumwambia daktari kwamba ameacha kuvuta sigara, akisema "I stopped to smoke", amemwambia kwamba alisimama ili avute.

Ya pili ni kwamba Kiswahili huingiza viambishi katikati bila shida yoyote. Katika "kutomwona" kuna ukanushi na mtendwa kati ya "ku-" na mzizi. Sisi "tunapasua" kila siku, na hakuna askofu aliyetulaumu. Kiingereza huweka ukanushi nje, "not to see him", na mtendwa mwisho. Upekee huu wetu una manufaa kwa uchambuzi. Tulinganishe "The teacher is easy to understand" na "The teacher is ready to understand". Kwa Kiingereza umbo ni moja, ingawa katika ya kwanza mwalimu ndiye anayeeleweka, na katika ya pili ndiye anayeelewa. Kiswahili chaiweka siri hiyo hadharani: "Mwalimu ni rahisi kumwelewa", "Mwalimu yuko tayari kuelewa". Kiambishi "-mw-" chatuonyesha ni nani anayetendwa. Hapa lugha yetu inaifafanua lugha ya wengine.

Ya tatu ni kwamba visoukomo vingi vya Kiingereza havitafsiriki kwa "ku-" kamwe. "I want him to go" ni "Ninataka aende", kama Kifaransa nacho kinavyosema "qu'il parte". "I saw him fall" ni "Nilimwona akianguka". Hivyo yule mwanafunzi aliyenishinda kwa Kifaransa alishinda kwa bahati: lau sentensi ingekuwa na "want", Kifaransa kingemdanganya. Tafsiri ni shahidi, si hakimu.

5. Vipimo tunavyopendekeza

Ikiwa "to" haitoshi, na tafsiri haitoshi, mwanafunzi ashike nini? Tunapendekeza vipimo vitatu vinavyotoka ndani ya Kiingereza chenyewe.

Kwanza, badilisha wakati na nafsi ya sentensi. "She helps them carry water" huwa "She helped them carry water"; "carry" haikutikisika. Kisoukomo ni kile kisichobadilika. Na hiyo ndiyo maana ya jina lake, kitenzi kisichofungwa na mpaka wa nafsi, idadi na wakati. Penye shaka, weka "be", kitenzi pekee ambacho umbo lake tupu halifanani na wakati uliopo: "They work here" hutoa "They are here", lakini "They must work here" hutoa "They must be here".

Pili, tazama mtendaji. Katika "I heard him sing" mtendaji ni "him". Katika "They insist that he go" ni "he". Umbo "go" ni tupu sawa na "sing", lakini kishazi chenye "he" si kisoukomo. Kipimo hiki kinaziba pengo linaloachwa na kile cha kwanza.

Tatu, penye "to", jaribu kuweka jina mahali pa kitenzi. "We look forward to the feast" inakubalika, basi "to" ni kihusishi na kitenzi kitakuwa na "-ing". "We hope to the feast" haikubaliki, basi "to" ni alama ya kisoukomo. Vitenzi vya mwendo, kama "go", hukubali yote mawili, na ndiyo maana "He went to work" ina maana mbili. Hapo mwanafunzi asichague kwa kubahatisha. Aseme kwamba ni mbili, na apewe maksi kwa kusema hivyo.

6. Hitimisho

Huenda tukaambiwa kwamba watoto wa sekondari wanahitaji kanuni fupi. Ni kweli, nayo yaweza kuwa fupi bila kuwa ya uongo: kisoukomo ni umbo la kitenzi lisilobadilika kwa nafsi wala wakati, mara nyingi "to" hulitangulia, lakini si lazima, na "to" nyingine ni kihusishi. Hiyo haizidi mistari miwili ya daftari.

Kwa upande wa istilahi, tunashauri idara zetu zitenganishe majina: "kitenzi-jina" libaki kwa umbo la "ku-" la Kiswahili, ambalo kweli ni jina, na "kisoukomo" litumike kwa Kiingereza na Kifaransa. Tukitumia jina moja kwa vitu viwili, tutakuwa tunaufanya upya mzunguko wa Lowth, safari hii kwa kuilazimisha lugha yetu ivae jedwali la Kiingereza.

Mwisho, miongozo ya usahihishaji isomwe upya na walio na mamlaka juu yake. Mwanafunzi aliyepigia mstari "sit" na "listen" alikuwa ameielewa sentensi kuliko msahihishaji wake, na aliyenyamaza alizawadiwa kwa kunyamaza kwake. Hilo si kosa dogo la sarufi katika nyumba iliyojengwa ili watu wajifunze kuuliza.